Mwombaji wa Kumi na Saba

Kazi yangu haina mlango. Mtu akiniuliza ninafanya kazi wapi, namwonyesha meza iliyoko chumba cha mbele, hapa Ngara mjini, na kompyuta niliyoifunika kitambaa ili vumbi lisiingie. Mama yangu, ambaye bado analima kule Nemba, alikwisha kukata tamaa ya kuwaeleza majirani. Anawaambia niko ofisini, basi, mazungumzo yanaishia hapo. Ofisi yenyewe haipo popote duniani. Kampuni ina watu katika nchi nyingi, kila mmoja kwake, na sijawahi kumshika mkono hata mmoja wao. Hatupigiani simu, hatuonani uso kwa uso. Kila kitu kinaandikwa: ombi, jibu, ugomvi, pole ya msiba, hata utani. Huu ni mwaka wa nne na sijui sauti ya bosi wangu ikoje.

Tunahudumia maduka madogo ya dawa. Mwenye duka anatumia programu yetu kujua dawa gani imebaki kwenye rafu na ipi inakaribia kuisha muda wake. Akikwama anatuandikia, nasi tunamjibu kwa maandishi. Wateja wa huku kwetu wanaandika Kiswahili, na mimi ni mmoja wa wanaowajibu.

Niseme mapema kwamba mimi si mpole. Mama anasema nilizaliwa na haraka ya kwenda mahali nisipopajua. Nikiwa kwenye foleni ya maji nilikuwa nahesabu ndoo za walio mbele yangu na kuwachukia mmoja mmoja. Nadhani ndiyo maana kazi hii ilinikaa vizuri, maana hakuna mtu wa kunisimulia shida za mguu wake kabla hajasema alichokuja kuuliza.

Niliipata bila kumjua mtu, na hilo lilinipa kiburi ambacho sikukificha. Huku kwetu ukipata kazi, swali la kwanza unaloulizwa ni nani alikupeleka. Mimi hakuna aliyenipeleka. Usaili wenyewe ulikuwa wa ajabu kwangu: hakuna meza wala watu watatu wenye tai, hakuna kuulizwa unatoka ukoo gani. Kwa wiki nzima kila mwombaji anapewa maswali ya wateja na kuyajibu kwa maandishi. Kampuni inaondoa majina, shule na umri, inakuacha na namba tu, ili asiwepo wa kupendelewa. Mimi nilikuwa wa tisa. Mwishoni msomaji wa majibu yangu aliandika hivi: "Anaonyesha hatua zote. Mteja hawezi kupotea." Kampuni ina utaratibu wa kumpelekea mwombaji maneno ya msomaji kama yalivyo, bila kutaja jina la aliyeyaandika, kwa hiyo sentensi hiyo niliipata na nikaihifadhi kwenye simu. Niliwasomea watu wengi. Sikumsomea aliyestahili kuisikia kuliko wote.

Alikuwa mwalimu wangu wa hisabati, sekondari, kule Biharamulo. Shule ilikuwa na kompyuta moja, nayo ilikaa ofisini kwa mkuu imefunikwa shuka, na hakukuwa na mwalimu wa somo la kompyuta. Akajitolea yeye. Alinunua karatasi ngumu za manila, akakata vipande, akatuchorea kila mmoja kibodi yake kwa kalamu ya wino, herufi zote mahali pake, hata ile nafasi ndefu ya chini. Tukawa tunachapa kwenye karatasi kwa vidole kumi, hakuna kinachotokea, huku tukitamka tunachochapa ili ajue nani amekosea. Darasa zima lilikuwa linanong'ona. Wanafunzi wa mikondo mingine walikuwa wanatuchungulia dirishani na kucheka mpaka wanashika mbavu. Mwaka uliofuata, zamu yangu ya kuingia ofisini kwa mkuu ilipofika, vidole vyangu vilikuwa vinajua pa kwenda.

Na alikuwa na sauti. Asubuhi mstarini alisema na shule nzima bila kipaza sauti, na waliochelewa walimsikia kabla hawajafika getini. Neno lake kubwa lilikuwa njia. Ukileta jibu tupu anakupa sifuri hata kama ni sahihi. Jibu, alisema, hata jirani yako analo. Ukileta njia nzuri na jibu limekosewa, alama zako utazipata. Na hakuwahi kuweka mkasi, ile alama ya kukosa, kwenye daftari la mtu akaondoka. Alifuata hesabu yako mstari kwa mstari mpaka anapafikia pale ilipoharibika, halafu anaandika pembeni kwa wino mwekundu: Umepotea hapa. Wanafunzi zaidi ya sitini darasa moja, na kila mmoja alijua alipopotelea.

Basi ile sifa niliyoihifadhi kwenye simu ilikuwa ya kwake. Nilichofanya mimi ni kuipokea.

Baada ya kuajiriwa nilifundishwa kuiacha namna hiyo ya kueleza. Bosi aliniandikia, kwa upole kabisa, kwamba majibu yangu ni marefu, wateja wana haraka, punguza salamu, punguza maelezo. Nikapunguza. Mwanzoni niliona haya kumjibu mtu mzima bila kumuuliza hali, lakini kuona haya nako kunaisha. Mwaka haukupita nikawa namaliza shida ya mtu kwa mistari miwili, nikasifiwa, na nikaanza kuwaona wanaoandika mistari kumi kuwa ni washamba. Mwaka wa tatu wakaniomba niwe mmoja wa wasomaji wa waombaji wapya. Nilifurahi. Sasa nilikuwa mimi ndiye mwenye mlango, kwenye kazi isiyo na mlango.

Tuliosoma pamoja tuna kundi letu kwenye simu, na mwalimu tulimwingiza humo zamani. Alikuwa haandiki sana. Siku moja mwenzetu mmoja alituarifu kwamba mwalimu ana ugonjwa kwenye koo na amepelekwa Mwanza. Miezi kadhaa baadaye tukaambiwa amefanyiwa upasuaji na amerudi nyumbani Nemba, anaendelea vizuri. Niliandika, "Pole sana mwalimu, Mungu akuponye." Niliweka na ile picha ya mikono miwili iliyokutanishwa. Nilikuwa na nia ya kwenda kumwona. Tangu hapo nilikwenda kwa mama mara mbili, na mara zote mbili nilipita njia inayopita karibu na kwake, na mara zote mbili nilikuwa na haraka.

Kampuni ilipotangaza nafasi, tangazo nililiweka mimi mwenyewe kwenye kundi. Watu waliuliza inakuwaje kazi ya bila kuonana. Nikawajibu kwa utani, na utani wenyewe naukumbuka neno kwa neno:

"Njooni jamani. Huku hakuna anayeisikia sauti yako. Hata bubu anaajiriwa."

Walicheka wengi. Mimi pia nilicheka, na nikaendelea na shughuli zangu.

Waombaji waliokuja kwangu kusomwa walikuwa ishirini na wawili. Niliwasoma asubuhi moja, kuanzia saa mbili, chai ikipoa pembeni. Wa kumi na saba nilimfikia nikiwa nimechoka. Majibu yake yalianza na salamu. Kisha pole kwa usumbufu. Kisha akaeleza kwa nini tatizo limetokea, kisha hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na ya mwisho hakuitaja kabisa. Alimwandikia mwenye duka: hatua ya tano najua unaiweza, ijaribu mwenyewe, halafu uniandikie umepata nini. Nilisoma hapo mara mbili. Nilicheka, kisha nikakasirika. Mtu ana mgonjwa anasubiri dawa dirishani, wewe unampa zoezi. Tena alikuwa anajibu mara moja tu kwa siku. Maswali ya asubuhi na ya jioni yote aliyajibu kwa mkupuo mchana, karibu na saa sita, halafu kimya mpaka kesho yake.

Nikaandika: "Anaeleza kama yuko darasani na anajibu mara moja kwa siku. Hafai kwa kazi ya maandishi."

Kila mwombaji anasomwa na watu wawili. Msomaji mwenzangu alikuwa amemkubali. Lakini kanuni yetu ni kwamba hapana moja yenye sababu inatosha, na mimi nilikuwa nimetoa sababu. Nikamgeukia wa kumi na nane.

Mwalimu alifika Ngara kama wiki tatu baadaye, kwa gari la asubuhi, bila taarifa. Nilifungua nikamkuta amesimama, amepungua, amevaa shati lake la kazini lililopigwa pasi, na shingoni ana kitambaa cheupe kilichofungwa kwa mbele. Mkononi alikuwa na bahasha na daftari gumu lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nilimpa shikamoo. Akainua mkono wa kulia hadi usawa wa bega. Nikangoja sauti ifuate, kama mjinga, na yeye akaniona nikingoja. Akafungua daftari, akaandika akiwa bado amesimama mlangoni, akanigeuzia: Marahaba.

Tulipoketi aliandika tena. Habari za hapa? Mama hajambo? Kazi inaendeleaje? Kila salamu kwenye mstari wake. Mimi nilijibu kwa sauti na yeye akasubiri nimalize, kisha akainama kuandika nyingine, na kalamu ilikuwa ndicho kitu pekee kilichosikika chumbani. Mimi ninayefuta salamu za watu kutwa nzima nilikaa nikiandikiwa salamu moja moja, na sikuthubutu hata kusogeza kikombe. Alinieleza kwa maandishi kwamba kisanduku cha sauti cha kooni kilitolewa chote. Anapumua kwa tundu lililo chini ya kile kitambaa. Darasani hawezi kurudi, maana ubao peke yake hautulizi watoto sitini. Shule walimpa kazi ya kupanga vitabu, kisha wakamwambia apumzike nyumbani.

Halafu akafungua bahasha. Ndani kulikuwa na karatasi moja iliyochapishwa, imekunjwa mara nne. Niliitambua kabla hajaikunjua, kwa mpangilio wake, maana hata mimi niliwahi kupata ya namna hiyo. Mwombaji wa kumi na saba. Chini yake sentensi zangu mbili. Alikuwa amepigia mstari maneno ya mwisho kwa wino mwekundu.

Aliandika muda mrefu. Alinikumbusha utani wangu kwenye kundi, bila kulalamika, akasema ndio uliompa wazo. Aliona ni kweli, hapo ndipo mahali pekee duniani ambapo sauti haihitajiki. Kijijini mtandao unasuasua na kompyuta hana, kwa hiyo kwa wiki nzima alipanda bodaboda kila siku mpaka Biharamulo mjini, kwenye duka la kuchapisha barua, akisubiri wamalize vyeti vya watu ndipo apewe kiti. Kiti alikuwa anakipata karibu saa sita. Mwisho aliandika maneno ambayo ninaweza kuyaona hata sasa, mwandiko wake ule wa ubaoni, mnyoofu:

"Wewe uko ndani, nisaidie kuelewa. Jibu nimeliona. Njia siioni. Huyu amenipa mkasi akaondoka. Nimepotea wapi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa, na mtu aliyenifundisha kusema ukweli wa hesabu zangu amekaa mbele yangu. Nikasema wasomaji ni wengi, wako nchi mbalimbali, hata mimi siwajui. Nikasema nitauliza. Sauti yangu ilitoka safi kabisa, haikutetemeka, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko uongo wenyewe.

Alikunywa chai, mkate akiuchovya humo mpaka ukalainika. Nilimsindikiza hadi stendi. Kondakta alimuuliza anakwenda wapi, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akapandisha sauti na kusema huyu mzee ana dharau. Mwalimu alikuwa anahangaika kuifungua kalamu kwenye uzi. Nikajibu mimi, Biharamulo, nikamwambia kondakta aangalie shingo ya mtu kabla hajafungua mdomo. Mwalimu alinishika mkono kunituliza, kama alivyokuwa akifanya zamani nikipandwa na hasira darasani. Gari likaondoka.

Kwa bosi niliandika siku hiyohiyo. Nilieleza kila kitu, hata ule utani. Alinijibu vizuri, wanajua kuandika vizuri watu wa kampuni yetu. Alinishukuru kwa uwazi. Alisema uamuzi hauwezi kugeuzwa kwa sababu msomaji amegundua kwamba anamfahamu mwombaji, kwani majina yanafichwa kwa ajili hiyohiyo. Mwalimu anaruhusiwa kuomba tena nafasi zikitangazwa, ila hajui ni lini. Sikuweza kumkasirikia. Angenijibu vingine ningemshangaa.

Lakini kwa mwalimu sikurudisha neno. Nilikuwa nimesema nitauliza, na niliuliza, na jibu sikulipeleka, kwa sababu kulipeleka kungenilazimu kusema nilijuaje. Wiki zikapita. Kila asubuhi niliona jina lake kwenye orodha ya kundi na nikapita haraka.

Ni mama aliyenisogeza. Alinipigia simu kwa mambo yake ya mahindi, katikati akasema mwalimu wako hayuko sawa, kanisani haangalii mtu. Jumamosi hiyo nilinunua daftari la kawaida la shule, nikakaa mezani, nikafunika kompyuta, nikaandika kwa mkono. Niliandika kama hesabu, hatua kwa namba, kama alivyotufundisha. Ya kwanza, msomaji ni mimi. Ya pili, nilikusoma baada ya watu kumi na sita, nimechoka, na sikupumzika. Ya tatu, majibu yako sikuyajaribu kwenye programu, na nilipoyajaribu baada ya wewe kuondoka yote yalikuwa sahihi. Ya nne, namna yako ya kueleza iliniudhi kwa sababu ndiyo niliyoambiwa niiache, na nilikuwa nimeiacha. Ya tano, sikuuliza kwa nini majibu yanakuja saa sita. Ya sita, nikaandika nilichoandika. Ya saba, sikujua kwamba ni wewe. Jibu: nimekosa, mwalimu, nisamehe. Zilifika kurasa nne. Sikumbuki mara ya mwisho niliandika kitu kirefu namna hiyo.

Jumatatu niliomba ruhusa, nikaenda Nemba. Mke wake alinipokea uani. Ni Msubi, na tangu tukiwa wanafunzi tuliokuwa tukienda kumsaidia mavuno, mwalimu alikuwa akimtania jinsi l na r zinavyobadilishana viti mdomoni mwake. Aliniketisha kwanza, akanitazama.

"Tangu aludi kwako haandiki," akasema. "Daftali amerifungia kabatini. Ananionyesha kwa mikono tu, maji, chumvi, basi. Na mimi nirikuwa nimeanza kumsoma, mwanangu. Alikuwa ananiandikia pore pore, hata neno refu nirikuwa narimaliza."

Sikuwa nimewaza hilo. Nilidhani nimemnyima mtu kazi. Kumbe mwanamke ambaye hakupelekwa shule alikuwa amejifunza kusoma uzeeni, ili amsikie mumewe, na mimi nilikuwa nimeandika kwamba mumewe hafai kwa maandishi.

Mwalimu alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, anapukuchua maharage makavu juu ya turubai. Nilimpa shikamoo, akainua mkono. Nilimkabidhi daftari bila kueleza. Alijifuta vidole kwenye suruali, akaanza kusoma. Kwenye mstari wa kwanza kabisa alikatiza kusoma, akaniangalia usoni, na sikuinamisha macho, ingawa nilitamani. Kisha akapapasa mfuko wa shati. Kalamu nyekundu ilikuwemo. Miaka yote hiyo, na bila darasa, ilikuwemo.

Alinisahihisha. Sijui niiteje vingine. Alisoma hatua ya kwanza akaweka vema. Ya pili akaweka vema. Kwenye ya tatu aliandika pembeni, Umepotea hapa. Ya nne alikaa nayo muda, akiisoma kwa kidole, na vema yake ilikuwa ndogo. Ya tano, vema. Ya sita aliipita bila alama. Ya saba, pale nilipoandika kwamba sikujua ni yeye, alipiga mstari chini ya sentensi nzima, taratibu, na chini yake akaandika swali:

"Hii si njia. Ungejua, ungeandika nini?"

Jibu langu, lile la kuomba msamaha, hakuliwekea kitu chochote, si vema wala mkasi. Alifunga daftari, akanirudishia, akarudi kwenye maharage yake. Nilikaa pale nikapukuchua naye hadi maharage ya kwenye turubai yakaisha. Mke wake alitoka mara mbili kutuangalia. Nilipoaga, mwalimu aliinua mkono usawa wa bega, kama alivyonipokea.

Tangu siku hiyo ninasoma waombaji kwa namna nyingine. Najaribu kila jibu, nauliza kila nisichoelewa, na ninayemkataa namwandikia ukurasa mzima kumwonyesha alipopotea. Bosi ameniambia nachelewa. Nimemwambia ndiyo, nachelewa.

Lakini swali la mwalimu halikuwa hilo. Asubuhi ile, kabla sijafika kwa wa kumi na saba, nilikuwa nimekataa watu kumi na mmoja, kila mmoja kwa mstari mmoja au miwili. Niliomba nipewe maandishi yao niyasome upya. Nikaambiwa yamefutwa pamoja na majina, ndio utaratibu. Siwajui ni akina nani, wako wapi, au yupi kati yao alikuwa anapanda bodaboda. Hakuna atakayekuja kusimama mlangoni kwangu na bahasha.

Na ningejua kwamba wa kumi na saba ni yeye? Ningeandika "anafaa sana" kabla sijasoma ukurasa wa kwanza. Angepata kazi, ningemwita shujaa wangu kwenye kundi, na wale kumi na mmoja ningewaacha palepale nilipowatupa na nisingewakumbuka hata siku moja. Hilo ndilo jibu lake. Nimeliandika kwenye daftari lilelile, chini ya wino wake mwekundu, na njia yake yote.

Mama anasema daftari la mwalimu bado halijatoka kabatini. La kwangu lipo hapa mezani, karibu na kompyuta, na Nemba bado sijalipeleka.